Jalada Halilali Tena Mezani: Utamaduni Mpya wa Kazi katika Ofisi za Halmashauri

Kwa miaka mingi, mwananchi aliyefuatilia barua yake katika ofisi ya umma alizoea majibu mawili: “jalada halionekani” na “njoo kesho”. Jalada la karatasi lilipita mkono kwa mkono kutoka masjala hadi kwa afisa, na aliyejua lilipo ni yule aliyelishika mara ya mwisho.

Ofisi Mtandao, mfumo uliosanifiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, unabadili desturi hiyo. Barua ikipokelewa masjala huingizwa katika mfumo na kuelekezwa kwa afisa mhusika. Mfumo hutunza kumbukumbu ya aliyeipokea, siku aliyoipokea na hatua aliyochukua. Afisa aliye safarini huweza kuishughulikia, na mkuu wake huona ilipokwama.

Mabadiliko yamegusa pia fedha. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI, na mwombaji hupewa kumbukumbu namba ya kulipia benki au kwa simu. Hivyo, hana sababu ya kumkabidhi mtumishi fedha taslimu.

Hata hivyo, kompyuta peke yake haibadilishi tabia. Mtumishi anayempa mwenzake nywila huharibu ushahidi wa nani ametenda nini. Anayeiacha barua siku nyingi bila kuifungua amehamisha uzembe tu, kutoka mezani kwenda kwenye kioo. Aidha, kwa kuwa taarifa za mwananchi sasa husomeka kwa urahisi zaidi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka zitumike kwa kusudi halali na zitunzwe kwa usalama.

Wala mfumo usigeuke ukuta. Mzee asiye na simu janja ana haki ileile ya kuhudumiwa, na kumsaidia kujaza maombi ni sehemu ya kazi ya mtumishi, si hisani.

Mwananchi naye ana wajibu. Anapowasilisha barua, atunze nakala yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa. Anapofuatilia, asitosheke na kuambiwa “bado”. Aulize imefika kwa nani na tangu lini. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko kupitia mfumo wa e-Mrejesho, unaopatikana pia kwa simu ya kawaida kwa kupiga *152*00#. Jibu la swali hilo sasa limo katika kumbukumbu, na mwananchi anastahili kulipata.