Mjane Asichagulishwe Kati ya Shamba na Moyo

Kuna hadithi moja ambayo watu wa Kitale na Bungoma wameipenda kwa miaka mingi, ingawa haikutungwa kwao. Iliwafikia kwa nyimbo za kantri ambazo redio zetu hazijachoka kuzicheza tangu enzi za Jim Reeves, kwa sinema za makauboi, na kwa vile vitabu vyembamba vya mapenzi vilivyokuwa vikizungushwa mabwenini hadi majalada yakachanika. Mchunga ng'ombe asiyejulikana anaingia katika mji mdogo. Mali yake ni farasi na kofia. Nje kidogo ya mji kuna mwanamke aliyefiwa na mume; ana watoto wawili, ng'ombe wachache na ua ulioanguka. Mgeni anaomba kibarua. Anausimamisha ua, anawakama ng'ombe, anawafunza watoto kupanda farasi. Msimu ukiisha, haoni tena sababu ya kuondoka, wala mwenye boma haoni sababu ya kumwacha aende.

Hapo ndipo msikilizaji hulengwalengwa na machozi. Hata mzee mkali asiyekubali upuuzi nyumbani mwake huongeza sauti ya redio. Sote tunafurahi kwamba yule mama, baada ya upweke na mashaka, amepata bahati ya pili ya kupenda na kupendwa.

Swali langu leo ni hili: mbona furaha hiyo hutuishia mara tu hadithi inapohamishiwa Kiminini?

Hebu tuihamishe. Tuseme kuna mama mwenye ekari tano kando ya barabara ya kutoka Kitale kwenda Webuye. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Wakwe zake wako Bungoma, kwenye boma la zamani la ukoo. Amemwajiri mwanamume mmoja wa kuchunga na kukama, naye pia aliwahi kuoa na ndoa ikavunjika. Hana farasi, ana baiskeli inayobeba mikebe ya maziwa kabla ya jua kuchomoza. Hana viatu vya ngozi vyenye visigino. Ana gambuti na koti kuukuu la kujikinga na baridi inayoshuka kutoka Mlima Elgon. Ni mtu mpole, mwaminifu, na watoto wamemzoea. Siku moja mama huyo anatambua kwamba amekuwa akiisubiri sauti ya ile baiskeli.

Pengine msomaji atacheka kusikia mchunga ng'ombe wa Trans Nzoia akiitwa kauboi. Asicheke. Kauboi wa kweli wa Marekani hakuwa yule mzungu mtanashati wa sinema. Alikuwa kibarua wa mshahara mdogo, aliyelala nje na kufuata ng'ombe wa tajiri. Wengi wao walikuwa watu Weusi waliotoka utumwani, na ufundi wao wa kamba na tandiko waliupokea kutoka kwa wachungaji wa Meksiko. Ni watunzi wa vitabu waliokuja kumpamba, hasa baada ya mwaka 1902, Owen Wister alipochapisha riwaya yake, The Virginian, na kumfanya mchunga ng'ombe kuwa bwana wa kupendwa na mwalimu wa kike. Kwa hivyo tofauti kati ya kauboi na kijana anayekama ng'ombe Kitale ni kwamba mmoja ametungiwa nyimbo na mwingine hajatungiwa.

Turudi kwa mama yetu. Habari zinapoenea, kwanza huja ndimi. Majirani huuliza amekosa nini hata asiweze kutulia na kulea watoto. Sokoni watu hunyamaza anapopita. Kisha hufika ujumbe kutoka Bungoma. Wazee wanakaa chini ya mti, wanakunywa chai, wanamsalimu kwa heshima zote, halafu wanauliza hati ya shamba iko wapi. Hawaulizi kama yule mwanamume ni mtu mwema. Hawaulizi kama watoto wanampenda. Mashauri yao yote yanakuja kwa sharti moja: ukitaka mwanamume, mfuate kwao, ukitaka shamba, kaa bila mwanamume, au umpokee yule tutakayekuchagulia sisi.

Katika hadithi ya kauboi, ujumbe huu hauji. Je, ni kwa sababu Wamarekani wana mioyo ya huruma kuliko sisi? La hasha. Ni kwa sababu ya sheria. Mwaka 1862 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kugawa mashamba ya magharibi, ekari 160 kwa kila mwombaji aliyekaa na kulima kwa miaka mitano. Mwanamke asiye na mume, akiwemo mjane, aliruhusiwa kuomba kwa jina lake mwenyewe. Ardhi ile ilikuwa imenyakuliwa kutoka kwa wenyeji, na dhuluma hiyo haifutiki kwa nyimbo. Lakini ni sheria hiyo iliyomwezesha mjane kusimama mlangoni pa nyumba yake na kuamua ni nani aingie. Mapenzi ya pili yaliwezekana kwa kuwa ua ulioanguka ulikuwa ua wake.

Sisi pia tulikuwa na nchi iliyonyakuliwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kizungu mashamba ya Trans Nzoia, na watu wetu wengi, wakiwemo Wabukusu kutoka Bungoma, wakageuzwa vibarua na maskwota katika malisho na mashamba ya mahindi. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mashamba hayo yalianza kurudi mikononi mwa Waafrika kupitia mipango ya makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Familia nyingi zikawa na miguu miwili, mmoja Bungoma walikozaliwa na mwingine Trans Nzoia walikonunua. Lakini majina yaliyoandikwa katika vitabu vya kampuni na katika hati yalikuwa aghalabu ya wanaume. Mke aliyeng'oa visiki na kupalilia mahindi yaliyolipa mkopo hakuandikwa popote. Mume alipofariki, ukoo wa Bungoma ulimwona kama mlinzi wa shamba la mtoto wao, na mlinzi akiolewa huhesabiwa amejiuzulu.

Kwa muda mrefu sheria ya nchi iliwaunga mkono. Sheria ya Urithi iliyopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 ilikuwa na mema yake mengi. Ilimpa mwenzi aliyebaki na watoto haki ya kuitumia mali ya marehemu asiyeacha wosia maisha yake yote. Lakini kifungu cha 35 kilitia nyongeza: iwapo mwenzi huyo ni mwanamke, haki yake itakoma siku atakapoolewa tena, na mtu yeyote yule. Mwanamume aliyefiwa na mke hakuwekewa sharti hilo. Yeye angeweza kuoa kabla nyasi hazijaota kaburini, na shamba likabaki chini yake hadi kufa kwake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Kwa karatasi, mali iliyomtoka mjane iliwaendea watoto wa marehemu. Lakini mtoto wa miaka sita hawezi kulima wala kusimama mbele ya baraza la ardhi. Aliyejitokeza kumshikia kwa kawaida alikuwa ami yake, na wapo walioshika hata watoto wakawa watu wazima bila kuachia. Ndiyo maana wajane wengi walichagua njia ya kujificha. Walipenda usiku na kukana mchana. Mwanamume aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kabla ya alfajiri, na watoto wakafunzwa kudanganya. Mapenzi yaliyostahili kubarikiwa hadharani yakageuzwa kuwa wizi.

Mambo yamebadilika katika vitabu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 45, inasema wanandoa wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na wakati ndoa inapovunjwa, na kwamba ndoa ni hiari ya wanaooana. Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Kinyumbani ya mwaka 2015 imetaja kurithiwa kwa mjane kwa lazima kuwa ni ukatili, na ikataja pia kuingiliwa na jamaa za mume. Mwaka 2022 Mahakama Kuu mjini Meru ilitamka kwamba sharti la kumnyang'anya mjane haki yake kwa sababu ameolewa tena ni ubaguzi na linapingana na Katiba. Huo ni ushindi mkubwa. Lakini hukumu iliyosomwa Meru haipandi matatu yenyewe hadi Kamukuywa. Chini ya ule mti bado kuna wazee wanaotaja sharti la zamani kana kwamba liliandikwa jana, na mama asiye na wakili wala nauli ya kumtafuta anawaamini.

Si haki kuwahukumu wazee hao bila kuwasikiliza. Hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: shamba hili ni la watoto wa mwana wetu. Akiingia mwanamume mgeni, atazaa watoto wake, atauza kipande leo na kipande kesho, na wajukuu wetu watakuwa maskwota upya katika ardhi ambayo baba yao aliinunua kwa jasho. Tumeshuhudia hayo, wanasema, na ni kweli yameshuhudiwa. Hata desturi ya kumrithi mjane, katika asili yake, ilikusudiwa kuwaweka mama na watoto ndani ya ukoo ili wasitawanyike. Ilikuwa nayo ni aina ya bahati ya pili, ila mchaguzi hakuwa yule aliyefiwa.

Jibu la hofu hiyo limo katika sheria ile ile ya urithi. Haki ya mjane ni ya kutumia, si ya kugawa. Hawezi kumwandikia mume mpya shamba kwa kuwa si lake la kuandikia. Akifariki, linawaendea watoto wa marehemu. Hata akihitaji kuuza sehemu kwa ajili ya kujikimu, kifungu cha 37 kinadai ardhi isiuzwe ila kwa idhini ya mahakama. Kwa hivyo mwanamume anayeingia kwa mjane haingii kurithi. Anaingia kufanya kazi, kula na kulala. Ikiwa watoto wanalindwa hivyo, basi kumfukuza mama yao hakuwaongezei kinga yoyote. Kunawapunguzia mama.

Lakini nasi tunaotetea mapenzi ya pili tusiyaache yaelee kama wimbo. Mjane na mwafaka wake wakikubaliana, waanze na mahakama. Mirathi ya marehemu ifunguliwe rasmi, watoto wote watajwe, na mipaka ijulikane. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inawaruhusu wanaotarajia kuoana kuandikiana mapatano kuhusu mali kabla ya ndoa. Waandikiane. Iandikwe kwamba shamba ni la watoto wa kwanza, na kwamba ng'ombe watakaonunuliwa pamoja ni wa wote wawili. Kisha wasajili ndoa yao. Tangu mwaka 2017 hata ndoa za kimila husajiliwa, na hakuna sababu ya mwanamume mwema kuishi kwa mjane kama mpangaji asiyejulikana. Kuishi pamoja bila cheti, mtindo uliozagaa katika miji yetu midogo, huwaumiza zaidi wale wanaopenda kwa mara ya pili, kwani wao wana mengi ya kupoteza.

Wengine watasema kuandikiana mikataba kunaua mapenzi. Naona kinyume chake. Kijana wa miaka ishirini anaweza kupenda kwa ahadi za mdomo kwa sababu hana kitu. Mama wa miaka arobaini ana watoto, ana makaburi, ana ng'ombe wawili wa maziwa na deni la mbolea. Akimpenda mtu, anapenda akiwa na hayo yote mgongoni. Mwanamume anayekubali kutia sahihi kwamba shamba si lake, kisha akaamka kesho yake kwenda kulilima, ametoa ushahidi wa mapenzi ambao hakuna wimbo wa kantri uliowahi kuutoa.

Wazee wa Bungoma wana nafasi kubwa katika jambo hili. Sheria haiwezi kumwalika mume mpya mezani, wao wanaweza. Wakishajua kwamba haki ya wajukuu wao haiguswi, hawana haja ya kufika Kiminini kama maaskari wa hati. Wanaweza kufika kama babu na nyanya, wakamkagua yule mwanamume kwa macho makali yanayostahili, wakamwuliza kwao ni wapi, ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa nini, na kama anakunywa. Hayo ni maswali ya haki. Akiyajibu vyema, wamkabidhi kazi ya kuwatazamia wajukuu wao na ng'ombe wao. Machifu na viongozi wa dini nao waache kumhubiria mjane peke yake habari za subira huku wakifungisha ndoa za wanaume waliofiwa bila kuuliza swali.

Nyimbo za kantri zitaendelea kupigwa Kitale, na hakuna ubaya. Lakini jioni ya leo, mzee atakapoongeza sauti ya redio kwa ajili ya kauboi wa Texas, namwomba amkumbuke mke wa marehemu mwanawe aliye peke yake upande wa pili wa barabara ya Webuye, na ajiulize ni nani kati ya hao wawili anayehitaji baraka zake.