Dawa Ipo, Muuzaji Hayupo

Mfuko wa seli unaotoka maabara ya Milan unadumu saa sita tu. Seli zilizomo ni za mtoto mwenyewe: zimechotwa kwenye uboho wake, zikatiwa jeni nzima kufidia ile mbovu, na sasa zinarudishwa mwilini kwa dripu. Saa sita zikipita, hazifai tena. Ndiyo maana mtoto ndiye anayepanda ndege kwenda hospitali ya San Raffaele. Dawa haiwezi kumfuata aliko.

Dawa hiyo ni Strimvelis, na ugonjwa wenyewe madaktari huuita ADA-SCID. Mwili wa mtoto unakosa kimeng'enya kinachosafisha taka ndani ya seli. Taka hizo hurundikana na kuua chembe nyeupe zinazoongoza kinga. Mtoto huzaliwa mzima kwa kumtazama. Baada ya wiki au miezi, utando mweupe mdomoni hautoki, kuhara hakukomi, nimonia inarudi kila ikitibiwa, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala. Asipopata tiba, kwa kawaida hafikishi miaka miwili.

Wanaouza taarifa za masoko hupenda kuchora mstari unaopanda: dawa mpya, bei kubwa, mapato yanaongezeka. Tuhesabu watoto kwanza. Ulaya nzima hukadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 15 kwa mwaka wenye ugonjwa huu. Mwenye ndugu wa tumbo moja anayelingana naye hupandikizwa uboho wa nduguye, na hiyo ndiyo tiba inayopendekezwa kwanza. Wanaobaki kuihitaji Strimvelis ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kampuni ya GSK ilipopata kibali cha Ulaya mwaka 2016, iliweka bei ya euro 594,000, inayolipwa mara moja. Miaka miwili baadaye iliikabidhi kampuni ndogo ya Orchard. Mwaka 2020 ikajulikana kwamba mgonjwa mmoja aliyetibiwa mwaka 2016 amepata saratani ya damu, na matibabu yakasimamishwa ili yachunguzwe. Mwaka 2022 Orchard ikasema haitaendelea kuwekeza humo. Mwaka 2023 dawa ikachukuliwa na Fondazione Telethon, shirika la hisani la Italia ambalo fedha zake ndizo zilizoanzisha utafiti huo tangu mwanzo.

Hatari ile ya saratani ni ya kweli na haifai kupunguzwa uzito. Lakini haitoshi kueleza kwa nini dawa iliachwa, kwa sababu tiba nyingine ya aina hiyohiyo, inayotumia kirusi kinachoaminika kuwa salama zaidi kubeba jeni, nayo iliachwa na Orchard mwaka 2021. Mwaka huohuo yalichapishwa matokeo ya watoto 50 waliotibiwa nayo Marekani na Uingereza, na wote walikuwa hai. Mwaka 2025 yakaja ya watoto 62: wote hai, 59 kinga yao imesimama. Nimezisoma takwimu nyingi za tiba, na chache zinafanana na hizi. Dawa yenye matokeo hayo ikabaki mikononi mwa watafiti wa chuo kikuu, UCLA, wakitafuta fedha za kuifikisha kwenye kibali.

Tatizo ni namna inavyolipa. Mtoto akitibiwa mara moja hupona, na aliyepona harudi dukani. Kiwanda cha kutengeneza seli, wataalamu wake na ukaguzi wake vinagharimu vilevile, wawe wametibiwa watoto watatu au thelathini. Linganisha na tiba ya sindano ya kimeng'enya. Ile ya kwanza, Adagen, iliidhinishwa Marekani mwaka 1990 na ilitokana na utumbo wa ng'ombe. Mrithi wake, Revcovi, iliidhinishwa mwaka 2018. Sindano huchomwa kila wiki, na bila tiba ya kudumu huenda ikahitajika kwa miaka na miaka, kwa gharama ya mamia ya maelfu ya dola kila mwaka. Mapato ya kampuni yanatabirika upande huu. Kwa hiyo mstari unaopanda unaweza kuwa mstari wa watoto ambao hawajapona.

Mimi naona mustakabali wa tiba hii uko kwa mashirika ya hisani, vyuo na serikali. Desemba 2025 Telethon ilipata kibali cha Marekani kwa tiba ya jeni ya ugonjwa mwingine wa kinga wa kurithi, Wiskott-Aldrich. Njia hiyo inapitika, ingawa ni ya polepole.

Kuna hesabu nyingine inayotugusa sisi. Duniani ADA-SCID hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya laki mbili hadi milioni moja. Ila utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta badiliko moja la jeni hiyo limeenea sana miongoni mwa Wasomali, lote likielekea kutoka kwa mzee mmoja wa kale. Kwa kadirio lake, huenda ugonjwa ukampata mtoto mmoja kati ya elfu chache tu. Baba na mama wenye badiliko hilo ni wazima kabisa, lakini kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Nafasi ya wote wawili kuwa nalo huongezeka mtu anapooa binamu yake.

Wasomali wako Garissa, Wajir, Mandera na Eastleigh. Kenya haina mpango wa taifa wa kuwapima watoto wachanga ugonjwa huu, kwa hiyo anayekufa nao huenda akaandikwa amekufa kwa nimonia au kuhara. Tena chanjo ya kifua kikuu, ile inayoacha kovu mkononi, ina vijidudu hai na hutolewa mara tu baada ya kuzaliwa. Kwa mtoto asiye na kinga, chanjo hiyo inaweza kusambaa mwilini na kuwa maradhi.

Marekani, tangu mwisho wa mwaka 2018, kila jimbo huwapima watoto wachanga ugonjwa huu. Nesi huchoma kisigino, matone ya damu hudondoka kwenye karatasi maalumu, hukaushwa na kupelekwa maabara, mtoto akiwa bado na siku chache tu na kabla homa yoyote haijamfikia.