Irabu Zilizomezwa Kismayu

Wabajuni, Waswahili wa pwani ya Somalia na Kenya, hueleza kwamba jina la mji wa Kismayu, kusini mwa Somalia, lilitoka katika maneno mawili: kisima iyu, iyu ikimaanisha juu. Yatamke upesi na i mbili zitapotea, moja baada ya s, nyingine pale kisima kinapogotana na iyu. Waitaliano, waliokabidhiwa Jubaland, eneo la Kismayu, na Waingereza mwaka 1925, wakaandika Chisimaio. I ambayo ulimi umekwisha kuimeza ikaonekana tena kwenye ramani.

Kwa nini i ndiyo imezwe, a ibaki? Kutamka a, taya hushuka, na kushuka huko hula muda. I na u hutamkwa kinywa kikiwa karibu kufumbwa, basi ni fupi kwa maumbile. Zikizungukwa na s, k au p, ambazo hazitikisi nyuzi za sauti kooni, hubaki mnong'ono tu, kisha hata huo haupo. Mjapani huandika desu, akatamka des. Barawa, kaskazini ya Kismayu, wasemaji wa Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya huko, wamelifanya jambo hili sheria: kusoma kwao ni xsoma, x ikisikika kama kh. Lakini kuiba ni kubola, na u imesalimika, maana b hutikisa koo.

Mtu angedhani kinachokatwa kwanza ni mkia wa neno. Sivyo, angalau kwetu Waswahili. Msomali husema kitaab. Mbajuni jirani yake hatulii mpaka aseme kitabu. Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ya mwisho hailegezwi ovyo. Tukifupisha, tunakata kwenye kiungo: baba yangu anakuwa babangu, Mwana Aisha anakuwa Mwanaisha. Irabu ya kufungia neno iko palepale.

Chimwiini kina jambo la ajabu zaidi hapo mwishoni. Mwaka 1974 Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh, mtaalamu aliyekisema Chimwiini, walichapisha uchambuzi wa urefu wa irabu zake. Irabu ya mwisho wa neno huweza kurefuka neno jingine likifuata katika kifungu kilekile. Msemaji akitua, huwa fupi. Katika lugha nyingi za dunia mambo ni kinyume, watu huvuta sauti wanapokaribia kunyamaza. Kwa Mbarawa, irabu ya mwisho iliyovutwa ni dalili kwamba maneno hayajaisha.