Msuka, Ulimi na Bushi: Istilahi za Karakana kutoka Njia ya Misafara

Mfasiri anapokutana na neno la Kiingereza 'sleeve' katika kitabu cha ufundi wa mitambo, jambo la kwanza limjialo ni mkono wa shati. Akiandika 'mkono', mwanafunzi atautafuta mkono wa kuzungushia mashine, nao upo, ila siyo uliokusudiwa. Akiandika 'adapta', atadhani ni kifaa cha umeme. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba jina la kifaa hiki, na majina ya sehemu zinazokihusu, hupatikana humu nchini iwapo tutaanza na kazi ya kifaa na siyo neno la kigeni.

Kwanza tukieleze kifaa chenyewe. Biti kubwa za kutobolea chuma zina shina lililochongoka. Shina hilo huchomekwa katika tundu lililochongoka vivyo hivyo ndani ya mhimili wa mashine, likashikwa kwa msuguano tu, bila skrubu. Mchongoko utumikao zaidi ni wa Morse, uliobuniwa na Mmarekani Stephen Morse katika miaka ya 1860. Una saizi kuanzia namba 0 hadi 7, na kipenyo chake hupungua kwa takriban milimita 1 katika kila milimita 20 za urefu. Shida huzuka pale biti inapokuwa namba 2, ambayo upande wake mnene una kipenyo cha milimita 17.780, na tundu la mashine likawa namba 3, lenye milimita 23.825. Hapo huhitajika kipande cha kati, ambacho ndani ni namba 2 na nje ni namba 3.

Je, lugha yetu imewahi kuyataja mambo ya namna hii? Tuelekee Tabora. Kabla ya Reli ya Kati kufika huko mwaka 1912, mji huo ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pamoja na pembe za ndovu na nguo, majembe yaliyofuliwa na wahunzi wa Usumbwa yalibadilishwa huko kwa bidhaa nyingine. Jembe la aina hiyo lina msuka, yaani sehemu nyembamba inayochongoka, ipenyayo katika tundu la mpini. Kila mkulima apigapo ardhi, msuka huzidi kuzama na kukaza. Tundu likipanuka, huuviringisha msuka kitambaa au kipande cha ngozi, kisha akaendelea kulima. Kanuni ya msuguano katika mchongoko ndiyo hiyo hiyo, na kile kitambaa kinafanya kazi ya kipande chetu cha kati.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi nne. 'Msuka' liwe shina lote lililochongoka. 'Ulimi' uwe ubapa mfupi ulioko mwishoni mwa msuka. 'Kabari' iwe kipande cha chuma kipigwacho kupitia upenyo wa ubavuni ili kuusukuma ulimi na kuung'oa msuka. Kipande cha kati kiitwe 'bushi ya msuka'. Neno bushi limekwisha kuzoeleka katika gereji zetu, lakini bushi ya kawaida huacha mhimili uzunguke ndani yake, hali hii huubana msuka na kuzunguka pamoja nao. Ndiyo sababu hatukuridhika na 'bushi' peke yake.

Tofauti ya msuka na ulimi siyo ya mapambo. Kamusi huweza kumpa mfasiri 'msuka' kuwa tafsiri ya neno la Kiingereza 'tang', na katika jembe au kisu atakuwa sahihi. Lakini katika biti, neno hilo la Kiingereza hutaja ule ubapa tu. Akilifuata bila kutazama kifaa, kitabu chake kitasema kwamba 'msuka' ni wa kung'olea biti, na mwanafunzi hatajali kuusafisha mchongoko wenyewe. Vumbi la chuma litauzuia kushika, biti itateleza, ulimi utapindwa hadi kukatika, na tundu la mashine litakwaruzwa. Kosa la neno moja laweza kuiharibu mashine ya karakana nzima.

Istilahi hupimwa kwa matumizi. Hebu tuyatumie maneno haya kumweleza fundi mwenye kerezo dogo nyumbani namna ya kutengeneza bushi ya msuka:

Toboa kipande cha chuma cha pua, kisha geuza kishikio cha kisu kwa takriban nyuzi moja na nusu, ukereze tundu la ndani kwanza. Paka msuka wa biti mstari wa chaki, uuchomeke na kuuzungusha kidogo. Chaki ikifutika kwa urefu wote, mchongoko umelingana. Ndipo uivalishe bushi kwenye kijiti cha chuma chenye mchongoko huo huo na kukereza upande wa nje. Mwisho chonga ulimi wa bushi, na upenyo wa kupitishia kabari.

Maelezo hayo hayakuhitaji mkono wa shati wala adapta. Twawaomba walimu wa ufundi wayasome mbele ya wanafunzi wao, na mahali watakaposita, hapo ndipo neno letu litakapohitaji kukerezwa upya.