Kuchagua Programu ya Kupunguza Picha za Kufundishia

Picha ni miongoni mwa zana ambazo mwalimu wa shule ya msingi amezitegemea tangu zamani. Hapo awali ilichorwa kwenye karatasi ya manila au kukatwa gazetini. Siku hizi aghalabu hupigwa kwa simu. Mabadiliko hayo yamepunguza kazi ya kuchora, lakini yameleta shida nyingine. Picha ya simu ni kubwa kupita mahitaji ya darasa: waraka wa mtihani hulemewa nayo, kifurushi cha intaneti cha mzazi anayetumiwa huisha upesi, na kompyuta kuukuu ya ofisi ya walimu hukwama inapoifungua. Hivyo mwalimu hana budi kuipunguza, na wengi huitumia programu ya kwanza wanayoikuta. Yafaa ieleweke kwamba programu hizi hazifanani kazi, na kwamba tofauti zao hujitokeza hasa katika mistari myembamba na herufi ndogo, yaani mahali pale pale ambapo somo limejificha.

Picha ya kidijiti ni jamvi la vijiraba vidogo sana viitwavyo pikseli, na kila kijiraba kina rangi moja tu. Picha yenye pikseli 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo ina pikseli milioni 12. Ikipunguzwa hadi 1600 kwa 1200, zinabaki 1,920,000, yaani chini ya sehemu moja ya sita. Mwanachuo aliyefundisha eneo la mstatili ataona mara moja kwa nini: ukigawa kwa mbili upana na kimo, eneo linagawanyika kwa nne. Swali ambalo programu inalijibu kwa niaba yetu, bila kutuuliza, ni hili: ni pikseli zipi zitupwe?

Jambo hili hueleweka vizuri zaidi kwa karatasi ya miraba kuliko kwa maneno. Chora mraba wenye safu nane za kusimama, kisha paka safu ya nne rangi nyeusi kuanzia juu hadi chini. Huo ni mstari mwembamba, tuseme mto katika ramani. Sasa upunguze mchoro uwe na safu nne tu. Njia ya kwanza ni kuchukua safu moja na kuruka moja: ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Mto umekauka! Hakuna aliyeufuta, umeanguka tu katika safu iliyorukwa. Njia ya pili ni kuziunganisha safu mbili mbili na kuchukua wastani wa rangi zake. Safu ya tatu nyeupe na ya nne nyeusi zinazaa safu moja ya kijivu. Mto umefifia, lakini upo, na mtoto aweza kuufuata kwa kidole.

Programu duni hufuata njia ya kwanza kwa sababu ni nyepesi na ya haraka. Programu nzuri hufuata njia ya pili, au njia za hesabu zilizo bora kuliko hiyo, ambazo hupima pikseli nyingi za jirani kabla ya kuamua rangi moja. Mojawapo imepewa jina la Cornelius Lanczos, mwanahisabati aliyezaliwa Hungaria mwaka 1893. Mwalimu akilikuta jina hilo katika orodha ya njia za kupunguza, alichague bila wasiwasi. Madhara ya njia duni huonekana hata katika vitu vya nyumbani: picha ya mkeka au ya kikapu cha ukindu, ikipunguzwa vibaya, hutoa mawimbi na michirizi ambayo msusi hakuisuka. Mtoto akiulizwa aeleze ruwaza anayoiona, ataieleza ya kompyuta.

Kupunguza vipimo ni tofauti na kubana faili, ingawa programu nyingi hufanya yote mawili kwa pamoja na kuwachanganya watumiaji. Mtindo wa JPEG, uliopitishwa mwaka 1992, hubana picha kwa kutupa mambo madogo ambayo jicho haliyatilii maanani. Unafaa sana kwa picha za watu, mimea na mandhari. Haufai kwa mchoro wenye herufi, kwani huacha ukungu kandokando ya kila neno; na kila unapoifungua picha hiyo, ukaibadilisha na kuihifadhi upya, hasara huongezeka. Kwa mchoro wa sehemu za ua au ramani yenye majina, tumia mtindo wa PNG, ambao haupotezi kitu katika kubana. Programu isiyokuruhusu kuchagua kati ya hiyo miwili haimfai mwalimu.

Vipimo navyo hutegemea matumizi. Kwa projekta, upana wa pikseli 1920 unatosha, na projekta nyingi za zamani haziwezi kuonyesha hata kiasi hicho. Kwa karatasi ya mtihani hesabu ni nyingine: uchapaji mzuri huhitaji takriban pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54, basi picha ya sentimita 8 kwa upana inahitaji pikseli 945 hivi. Picha ya kutuma kwa simu yaweza kuwa ndogo zaidi. Kumbuka kwamba WhatsApp yenyewe huzipunguza picha unapozituma kama picha; ukitaka mwenzako apate ramani kamili, itume kama waraka.

Tuje sasa kwenye programu zenyewe. Paint, inayokuja pamoja na Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, yatosha kwa picha moja moja, mradi uweke alama ya vema mahali pa kutunza uwiano wa upana na kimo, na uihifadhi kwa jina jipya. Ukisahau jina jipya, picha asilia imekwenda. Kwa mwalimu mwenye picha nyingi ningependekeza IrfanView, iliyotolewa mwaka 1996: ni nyepesi, haina gharama kwa matumizi ya nyumbani na ya shule, hupunguza folda nzima kwa mkupuo mmoja, na njia ya Lanczos imo. Upungufu wake ni kwamba imetengenezwa kwa Windows pekee. GIMP ni ya bure pia na hufanya kazi katika Linux, Windows na macOS. Tena humlinda mtumiaji asiyekuwa mwangalifu, kwani kuihifadhi picha katika mtindo wa kawaida kunahitaji amri ya pekee. Lakini kuipakia kwa ajili ya kupunguza picha tu ni kama kukodi trekta kulima tuta moja la mchicha. ImageMagick haina vitufe vya kubofya, huandikiwa amri. Mkufunzi wa kompyuta ataipenda, ila atahadhari na amri yake iitwayo mogrify, ambayo kwa kawaida huandika juu ya picha asilia. Photoshop ni hodari, lakini tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya hupatikana kwa kulipia ada, na kazi yetu hii haihitaji ada.

Zipo pia tovuti nyingi zinazopunguza picha bila kupakia programu yoyote. Hapa mwalimu awe macho. Nyingi hupeleka picha yako kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, ikapunguzwa huko, ndipo ikarudishwa. Kwa picha ya jani la mhogo hilo si neno. Kwa picha ya watoto wakiwa na sare na beji ya shule, ni neno kubwa. Picha inayomtambulisha mtoto ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019. Zaidi ya sura, faili ya picha huweza kubeba tarehe, saa, na hata mahali ilipopigwa. Baadhi ya programu huyaondoa maelezo hayo na baadhi huyaacha, basi chagua inayokupa uwezo wa kuyaondoa. Squoosh, iliyotolewa mwaka 2018, hufunguliwa kama tovuti lakini kazi hufanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe.

Neno moja kuhusu kukuza. Picha ndogo ikikuzwa haipati mambo mapya. Programu za siku hizi zenye akili bandia hutoa picha kali inayopendeza, lakini hujaza kwa kukisia. Mdudu aweza kuongezewa vinyweleo asivyokuwa navyo, na herufi iliyofifia ikageuka herufi nyingine. Katika somo la sayansi hiyo si zana; afadhali kumtafuta mdudu mwingine na kumpiga picha kwa karibu.

Kabla ya kuchagua, programu zifanyiwe jaribio. Chukua karatasi nyeupe, uchore duara kwa bikari, mistari mitatu, mmoja mnene, mmoja wa wastani na mmoja mwembamba kama uzi, kisha uandike sentensi moja kwa herufi za ukubwa wa daftari. Weka kipande cha mkeka pembeni, uipige picha yote kwa simu. Ipunguze picha hiyo hadi upana wa pikseli 800 kwa programu mbili tofauti, uzionyeshe ukutani, ukakae dawati la nyuma kabisa, au umkalishe mwenzako ambaye hajui sentensi uliyoandika. Duara likiwa yai, uwiano haukutunzwa. Mkeka ukitoa mawimbi, au mstari mwembamba ukikatikakatika, njia ya kupunguza ni duni, na programu nyingine ijaribiwe kabla picha za muhula mzima hazijapitishwa humo.