Kwa nini muuza duka wa mlimani anamjua mteja wake

Same ni mji wa barabarani na wa mlimani kwa wakati mmoja. Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita kwenye tambarare yake kavu. Nyuma ya mji inapanda milima ya Upare, hadi kilele cha Shengena chenye mita 2,463. Kwa hiyo wafanyabiashara wadogo wa wilaya hii wana wateja wa aina mbili, na tofauti kati yao inatusaidia kujibu swali ambalo hujibiwa haraka mno: kwa nini duka moja humpokea mteja kwa uchangamfu, na jingine humrushia chenji bila kumtazama?

Tuanze na aina hizo. Mteja wa njiani ni abiria: ameshuka kwa dakika chache, ananunua maji na chipsi, anapanda tena. Muuzaji hatarajii kumwona kesho, na abiria aliyeuziwa chipsi za jana hagundui mpaka basi limekwishafika mbali. Mteja wa kudumu anaishi Chome, Mbaga, Suji au Gonja. Duka lililo karibu naye ni lile lile leo, na mwakani litakuwa lile lile.

Jibu la haraka husema ni tabia: watu wa mlimani ni wapole, wa stendi wameharibiwa na vurugu. Jibu hilo halitoshi. Kijana anayegombania dirisha la basi mchana, jioni akipanda kwao huamkia kila mtu mzima anayekutana naye njiani. Mtu ni yule yule; kilichobadilika ni aliyesimama mbele yake.

Tuangalie basi mazingira yanavyofanya kazi. Mapato ya kaya nyingi za Upare huja kwa msimu: tangawizi kule Mamba Myamba, mpunga kwenye skimu ya Ndungu, maharage na mahindi kwingineko. Fedha hufika mara chache kwa mwaka, lakini chumvi, mafuta ya kula na sabuni huhitajika kila wiki. Anayeziba pengo hilo ni mwenye duka, na chombo chake ni daftari la madeni. Mazungumzo ya kaunta huwa kama haya:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Bibi anaendeleaje na mguu?”

“Hajambo kidogo. Amenituma sukari nusu kilo na kipande cha sabuni.”

“Na tangawizi, mmeshaanza kung'oa?”

“Bado. Baba anasema tusubiri bei.”

Mama anapima sukari, anafunga, anaandika. Maswali yake mawili yana uzito. Swali la mguu wa bibi ni la utu, na mtoto atalifikisha nyumbani. Swali la tangawizi nalo ni la ujirani, lakini jibu lake linamwambia mwenye duka deni hili litalipwa karibu lini na yeye mwenyewe ategemee nini atakapoteremka Same kununua mzigo kwa muuza jumla, ambaye pengine humpa mali kauli. Benki ingetaka dhamana na fomu. Yeye anatumia salamu. Sioni sababu ya kusema kwamba hesabu iliyomo inaufanya wema huo kuwa wa uongo: mtu anaweza kumjali jirani yake na kumpangia deni kwa sentensi ile ile, na wanaoishi hivyo hawaoni mgongano.

Kuna sehemu nyingine ya huduma ambayo mteja huizoea hadi asiione, nayo ni kugawa. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unafunguliwa na kuuzwa robo robo. Dumu la mafuta linauzwa kwa kibaba. Kazi hii inakula muda na faida yake kwa kila kipimo ni ndogo, ila bila hiyo mwenye shilingi chache asingepika siku hiyo. Mama lishe hufanya jambo lile lile kwa sahani: anajua fundi gani hulipa Jumamosi, na nani awekewe makande kabla sufuria haijaisha.

Historia ya nchi yetu inatupa kipimo kizuri cha hoja hii. Bei za bidhaa nyingi ziliwekwa chini ya Tume ya Bei tangu 1973, na mwaka 1976 Serikali iliendesha Operesheni Maduka, iliyolenga kuondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya ujamaa mahali pake. Sukari na sabuni zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, muuzaji hakumhitaji tena mnunuzi, kwani chochote kilichofika kingeisha hata akinuna. Walioishi wakati huo wanazikumbuka foleni, na bidhaa zilizopitia mlango wa nyuma. Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, maduka yalijaa tena na mteja akaanza kukaribishwa. Utamaduni wa watu haukubadilika mara mbili ndani ya miaka kumi; kilichobadilika ni nani anamhitaji nani.

Mfumo huu una gharama zake. Deni lisilolipwa hurudishwa kwa kupandisha bei kidogo, hivyo anayelipa taslimu anambeba anayekopa. Mwalimu mgeni aliyehamishiwa kijijini hakopeshwi hadi afahamike, hata kama mshahara wake una uhakika kuliko mavuno ya jirani. Na gharama ninayoiona kubwa zaidi ni hii: mteja anaona vibaya kuangalia mizani ya mtu anayemuulizia bibi yake. Wakala wa Vipimo hukagua mizani, lakini hauwezi kusimama kwenye kila kaunta kila asubuhi.

Turudi stendi, maana hapo pana jambo ambalo wengi hulipita. Si kweli kwamba mgahawa wa barabarani hauna mteja wa kudumu. Unaye: dereva na kondakta. Hao hurudi kila wiki, na desturi iliyozoeleka ni kwamba hula bure, tena nyama nzuri, kwa sababu wao ndio wanaoamua basi lisimame wapi. Uchangamfu upo pale pale stendi. Umeelekezwa kwa anayerudi.

Kwa hiyo naona kumhubiria muuzaji atabasamu hakusaidii sana. Mwenye duka wa mlimani aweke mizani mahali mteja anapoiona, na alisome daftari pamoja naye kila mwisho wa mwezi, ili urafiki usizibe macho ya yeyote. Na abiria aliyeuziwa chakula kilicholala asiishie kugombana dirishani. Amwambie kondakta, na akifika aiambie kampuni ya basi jina la mgahawa, kwa kuwa hao ndio mwenye mgahawa anaoogopa kuwapoteza.