Chumba cha Asiye na Chumba

Nikimpa mwanafunzi wa usanifu wa jukwaa mhusika mmoja na kumwambia anichoree chumba chake cha kulala, huanza kuorodhesha vitu. Nami nilianza hivyo hivyo. Miaka kadhaa iliyopita, hapa Bagamoyo, nilimpangia chumba mjane wa kwenye mchezo: samadari yenye nakshi, chandarua, kasha la njumu, chetezo cha udi. Nikaona kazi imekwisha. Baada ya mazoezi, bibi mmoja wa mtaani aliyekuja kututazama akaniita pembeni.

"Mwanangu, huyu mama yenu hasali?"

"Anasali, bibi. Tasbihi haimtoki mkononi."

"Mbona mmemlaza miguu kibla?"

Nilitamani ardhi inifiche. Huku kwetu kibla ni kaskazini, bahari ikiwa mkono wa kulia, na mtu aliyelelewa katika Uislamu wa pwani hanyooshi miguu upande ule hata awe hoi kwa uchovu. Mwigizaji alikuwa akituonyesha mcha Mungu, na kitanda chake kikawa kinamsuta. Vitu vyote nilivyovikusanya vilikuwa sahihi, ila havikuwa na mwenyewe.

Tangu hapo sigusi fanicha kabla sijajua kuta. Nyumba kongwe za mawe za mwambao huu zina kuta za matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ndiyo inayoamua upana wa chumba, kwa sababu mti wa mkoko hautoi kipande kirefu kilichonyooka na kuhimili uzito. Ndiyo maana vyumba vingi vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba, upana wake haufiki hata mita tatu. Ukimpa mhusika wa nyumba hiyo chumba kipana cha mraba, umeshamhamisha pwani. Mpe chumba chake, uone: mume na mke wakigombana, magoti yao yanakaribia kugusana, na hakuna pa kuzungukia. Ama mmoja atoke, ama mmoja anyamaze. Anayezoea kunyamaza tayari umemjua, na hajasema neno.

Kisha nainama mvunguni. Mgeni wa pwani hupokewa barazani, na akiheshimiwa sana hukaribishwa sebuleni, chumbani haingii. Lakini hata chumbani kuna kilichowekwa kionekane na kilichowekwa kisionekane. Niliwahi kumwekea mhusika mmoja, mwanamke anayeapa kwamba hamngojei tena mume aliyesafiri, doti sita za kanga mvunguni, ndani ya sanduku la bati, hata moja haijakatwa wala kupindwa. Hakulifungua mbele ya watazamaji ila mara moja. Kanga iliyokatwa ni ya kuvaa leo. Doti nzima ina siku yake inayongojewa.

Hata hivyo, mhusika aliyenisumbua kuliko wote hana kitanda wala mvungu. Ni Yusuf wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya hiyo ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*. Yusuf ana miaka 12 anapochukuliwa na tajiri Aziz kuletwa pwani. Anadhani anafuatana na mjomba, kumbe yeye ni rehani ya deni la baba yake. Mchana anauza duka pamoja na kijana aitwaye Khalil, na usiku wanalala nje, kibarazani pa duka hilo hilo, wakiwa walinzi wake. Vichwa vyao viko karibu ili waweze kunong'ona. Mbwa wa mitaani hupita gizani, naye Yusuf anawaogopa mno.

Sasa mchoree chumba huyo.

Jibu nimelikuta kwenye kifurushi alichofungiwa na mama yake: bukta mbili, kanzu ya sikukuu, shati, Msahafu, na tasbihi aliyopewa kwa siri. Hicho ndicho chumba chake. Bagamoyo iliwajua watu wa namna hiyo kwa maelfu. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara walifika hapa kutoka Unyamwezi na mbali zaidi, kila mmoja na mzigo wa tajiri wa kilo 30 hivi, na juu yake mkeka wake mwenyewe na chombo chake cha kupikia. Kila nikipita Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, nafikiri juu ya ile mikeka. Popote ilipotandikwa ndipo palipokuwa chumbani, na alfajiri chumba kilikunjwa kikabebwa.

Riwaya inatupa na chumba kinachopingana na hicho. Ndani ya nyumba ya Aziz yumo mkewe asiyeonekana, na katika bustani vimetundikwa vioo kwenye miti ili aweze kuitazama akiwa ndani. Chumba chake kimenyoosha macho hadi nje. Yusuf, aliye nje, hana hata pazia la kushusha. Jukwaani nisingemjengea bibi huyu ukuta wala kitanda. Ningetundika vioo tu, kisha nikavielekezea taa mpaka mwanga wake umfikie mtoto kibarazani.

Linalonishughulisha bado ni mahali pa kifurushi. Usiku wa kwanza kitakuwa kifuani, kimekumbatiwa. Baada ya maonyesho machache nitakiteremsha kichwani, kiwe mto. Halafu usiku mmoja, bila mtu kulitaja jambo hilo, watazamaji watakikuta kimetundikwa kwenye msumari wa mlango wa duka, Yusuf amelala chali, mikono mitupu, mbali nacho.